Ukuta wetu wa udongo unaliwa chini: tuupige saruji tena?

Washauri, salamu nyingi.

Tunaishi jangwani, kwenye nyumba ya matofali ya udongo yaliyokaushwa juani ambayo mume wangu aliirithi kwa wazazi wake. Kuta zina unene wa sentimita 40. Paa ni bapa, kama mita 80 za mraba, la boriti na mbao zilizofunikwa udongo, na maji yake yote hutoka kwa mlizamu mmoja upande wa magharibi. Miaka kumi na tano iliyopita nyumba ilipigwa plasta ya saruji kwa nje, juu ya wavu wa chuma, ikazungushiwa na njia ya zege ili tusikanyage vumbi.

Ukuta wa magharibi ndio unaotuumiza kichwa. Plasta imevimba chini, ukigonga inalia kama debe tupu. Kwa ndani, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, rangi inabanduka na kuacha unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Mwezi uliopita kipande cha plasta kama sinia kilianguka. Nyuma yake tulikuta matofali yameliwa, mkono unazama hadi juu ya kifundo. Huku kwetu mvua ni ya kuhesabu. Maji hayo yametoka wapi?

Fundi aliyekuja ameshauri tuzibe tundu kwa zege, tupige plasta mpya ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji, na ndani tupake rangi ya mafuta. Mume wangu amekubali. Mimi nasita, maana hiyo iliyoanguka nayo ilikuwa saruji.

Chumba hicho pia ni cha moto usiku, ingawa kuna kipoza hewa cha maji dirishani. Mume wangu anataka kubandika vibao vya povu jeupe kwenye kuta zote kwa ndani, na kupanua dirisha lifike mita 1.8. Juu ya paa tumezoea kuongeza udongo mpya kila mvua zikiisha, je, tuendelee?

Nisisahau: chini ya dirisha hilo nina bogenvilia yangu, naimwagilia ndoo moja kila jioni. Nisingependa mafundi waikanyage.

Mama wa Nyumba ya Udongo

* * *

Mama, kusita kwako ni kwa haki. Msikubali zege, msikubali plasta ya saruji, na rangi ya mafuta ibaki dukani. Ukuta huo unaponyeka, lakini dawa yake haianzii ukutani. Inaanzia kwenye maji, na sehemu kubwa ya maji hayo umetuandikia mwenyewe mwishoni mwa barua.

Ndoo ya lita 20 ikimwagwa kwenye mita moja ya mraba ni sawa na mvua ya milimita 20. Fanya hivyo kila jioni kwa siku 30, na kipande hicho cha ardhi kimepata milimita 600. Nchi huitwa jangwa inapopata chini ya milimita 250 kwa mwaka mzima. Mguu wa ukuta wako, basi, unanyeshewa kwa mwezi mmoja zaidi ya mara mbili ya kile ambacho jangwa linapata kwa mwaka. Ongeza kipoza hewa. Mashine hiyo hufanya kazi kwa kukausha maji kwenye hewa, na yanayobaki ndani yake huzidi kuwa na chumvi hadi yamwagwe. Tazama mpira wake wa kutolea maji unaishia wapi. Mara nyingi unaning'inia tu chini ya dirisha, unadondosha maji ya chumvi mchana kutwa. Kisha mlizamu: manyunyu ya milimita 10 kwenye paa la mita 80 za mraba ni lita 800, na zote zinatua upande uleule.

Maji hayo yakishaingia ardhini yanatafuta pa kutokea. Njia ya zege imefunika ardhi, kwa hiyo hayawezi kukauka kuelekea juu. Plasta ya saruji imefunika uso wa nje wa ukuta. Yaliyobaki ni kupanda ndani ya udongo wenyewe na kutokea chumbani, pale magotini. Yanapokauka huacha chumvi, ile ambayo wazee huita shura. Chembe za chumvi hukua ndani ya vitundu vya udongo na kuupasua punje kwa punje, msimu baada ya msimu. Hicho ndicho kilichokula matofali yako. Ukipaka rangi ya mafuta kwa ndani unyevu hautaisha. Utapanda juu zaidi hadi upate mlango mwingine, na safari hii unaweza kuufikia usawa wa dirisha, au wa boriti.

Kosa la saruji si geni, na wala halikufanywa na wasiojali. Kanisa la San Francisco de Asís huko Ranchos de Taos, New Mexico, lilipigwa plasta ngumu ya saruji mwaka 1967 kwa nia njema ya kulilinda. Maji yaliingia kwenye nyufa, yakanaswa nyuma ya gamba lile, na matofali yakalainika pasipo mtu kuona. Saruji yote ilibidi ibanduliwe na kanisa lirudishiwe plasta ya udongo, ambayo waumini huitengeneza upya wenyewe.

Anzeni nje, na kwa wiki chache msiuguse ukuta. Mpira wa kipoza hewa urefushwe hadi mita 3 kutoka ukutani, umwage mahali penye mteremko wa kwenda mbali. Mlizamu utokeze sentimita 40 au 50 nje ya uso wa ukuta, na chini yake pawe na mawe bapa ya kupokea maji ili yasiruke na kulowesha ukuta. Tobolea mlizamu wa pili upande wa pili wa paa, na hakikisha udongo wa paa unateremka walau sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mojawapo. Njia ya zege ikatwe na kuondolewa kwa upana wa sentimita 45 kando ya ukuta wote wa magharibi, na pengo lijazwe kokoto zisizo na vumbi. Ardhi inayofuata ishuke sentimita 10 katika mita 2 za kwanza. Usawa wa ardhi ubaki chini ya tofali la kwanza. Nyumba nyingi za udongo zinaoza kwa sababu tu mchanga umerundikana miaka mingi hadi ukapita msingi.

Onyo hapa, kwa sababu mafundi wenye bidii huliharibu jambo hili. Wakisikia "ondoa unyevu", huchimba mtaro mguuni mwa ukuta. Msingi wa nyumba ya zamani huenda ni mawe machache tu yaliyopangwa, na mtaro ukiyaachia ubavu ukuta unakosa pa kukanyaga. Kama mtaro wa kokoto unahitajika, uwe mita 1.5 kutoka ukutani, upana sentimita 30, kina kisichopita chini ya msingi, na uteremke sentimita 1 kwa mita.

Ndipo mje kwenye saruji. Kabla ya kubandua chochote, weka nguzo ndani ya chumba kushika boriti zinazokalia ukuta huo: nguzo moja kila mita 1.2, nusu mita kutoka ukutani, na ubao mpana juu na chini ya kila nguzo. Hili si hiari. Ukuta uliolowa hupoteza nguvu kiasi kwamba wakati mwingine gamba la saruji na wavu wake ndivyo vinavyoushikilia, na ukilivua ghafla unakaa chini kama unga uliozidiwa maji.

Bandua mita 1 ya chini tu kwanza, kwa vipande vya upana wa mita 1, ukiruka kimoja na kurudi baadaye. Tumia nyundo ndogo na patasi. Nyundo ya umeme inatikisa matofali yasiyohusika. Wavu usivutwe kama shuka, maana unang'oa uso wa matofali pamoja nao. Kata kwa koleo miraba ya nusu mita, kisha zungusha misumari moja moja hadi ilegee. Chumvi iliyobaki isafishwe kwa brashi kavu, idondokee kwenye turubai na kutupwa mbali. Msiioshe kwa maji, na udongo ulioporomoka pale chini msiurudishe kwenye mchanganyiko mpya, kwa sababu umejaa chumvi ileile.

Sasa pima ukavu, kwa sababu uso wa ukuta hudanganya. Toboa sentimita 10 ndani, chukua udongo kidogo, upime kwenye mizani ya jikoni, uuoke kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito usipungue tena, upime tena. Tuseme ulikuwa gramu 320 na sasa ni 280: maji yaliyotoka ni gramu 40, gawa kwa 280, ni asilimia 14. Hapo ukuta bado ni mgonjwa sana. Subirini ushuke chini ya asilimia 5 kabla ya kujenga chochote. Kwa unene wa sentimita 40 kusubiri huko ni kwa wiki nyingi, pengine miezi, hata jangwani. Ni sehemu inayochosha kuliko zote, na ndiyo ambayo watu huiruka, kisha wakashangaa plasta mpya inapovimba.

Mashimo yasiyofika theluthi ya unene wa ukuta hujazwa kwa vipande vya tofali na udongo mzito, tabaka kwa tabaka, kila moja ikauke kabla ya inayofuata. Yaliyozidi hapo yanataka matofali mapya. Chonga sehemu iliyoliwa iwe na kingo za mraba, fanya kazi kwa urefu wa sentimita 60 tu kwa wakati mmoja, ruka 60, endelea. Tofali la sentimita 25 kwa 35 kwa 10 lina uzito wa takriban kilo 15. Lianike bapa wiki ya kwanza, kisha lisimamishe kwa ubavu, na lisiingie ukutani kabla ya wiki nne. Kiungio kiwe udongo uleule wa tofali, unene wa sentimita 2. Mahali pa kuwa makini ni pengo la juu, kati ya tofali jipya la mwisho na la zamani. Udongo laini ukikauka hunywea, na tofali jipya linabaki limekaa bure bila kubeba mzigo. Shindilia hapo udongo mkavukavu pamoja na vigae vya mawe hadi visiingie tena.

Zege la yule fundi lingekuwa nini hapo? Jiwe gumu ndani ya ukuta laini. Halinywei wala kutanuka na udongo, halipitishi unyevu, kwa hiyo maji yangezunguka kingo zake na kuula udongo ulio jirani, hadi siku moja donge zima litoke kama jino.

Plasta ya udongo hupimwa kabla ya kupigwa. Jaza theluthi moja ya chupa kwa udongo wa kwenu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, iweke chini. Mchanga hutua ndani ya dakika moja, vumbi laini kwa saa kama mbili, udongo wa mfinyanzi, ule unaonata, hutua juu kabisa hadi kesho yake. Mfinyanzi hapo huwa umevimba, usiuamini kwa jicho tupu. Kipimo cha kweli ni vibandiko: changanya sehemu 1 ya udongo wa mfinyanzi na 1 ya mchanga, kisha 1 kwa 2, kisha 1 kwa 3, na upige kila mchanganyiko ukutani, nusu mita ya mraba, unene wa sentimita 2. Baada ya siku nne au tano, kinachopasuka kina mfinyanzi mwingi. Kinachokwanguka kwa kidole kimezidi mchanga. Chukua cha katikati.

Tuchukulie ni 1 kwa 2. Ukuta wa mita 4 kwa 2.7 ni mita za mraba 10.8, na kwa unene wa sentimita 2 unataka ndoo kama 5 za udongo, ndoo 10 za mchanga, na ndoo 5 za majani makavu yaliyokatwa, zote za lita 20. Mchanga uwe wenye kona kali, wa kukwaruza kiganjani. Wa matuta ya jangwani ni mviringo na laini, haushiki. Loweka mchanganyiko siku tatu hadi saba, ukiukanyaga kila siku. Majani yakianza kunuka ujue umekuwa mzuri. Ukuta unyunyiziwe maji hadi uwe na giza bila kumeremeta, kisha rusha udongo kwa nguvu na kuukandamiza. Fanya alfajiri, fuata kivuli, na jua likifika tundika magunia mabichi mbele ya kazi, kwa sababu plasta inayokaushwa na upepo wa jangwa kwa saa mbili itapasuka hata kama mchanganyiko ulikuwa sahihi. Tabaka la mwisho ni milimita 4 tu, la udongo uliochekechwa na majani mafupi.

Jiandaeni kwamba plasta ya kwanza kwenye mita 1 ya chini ni ya kutupwa. Itavuta chumvi iliyobaki ndani ya ukuta. Baada ya miezi kadhaa ikwangueni, mtupe, mpige nyingine. Unga mweupe ukionekana juu yake msivunjike moyo, maana chumvi iliyo kwenye plasta imeshatoka kwenye tofali. Ndani pakeni chokaa, mara tatu au nne, nyepesi kama maziwa.

Chokaa kwa plasta ya nje nayo inawezekana, sehemu 1 kwa 3 za mchanga. Lakini chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ikiwa na unyevu, na jangwani lazima ifunikwe na kunyunyiziwa siku saba, la sivyo inabaki unga. Inaunguza ngozi na macho, kwa hiyo glavu na miwani ni lazima. Kwa ukuta huu tungebaki na udongo.

Kuhusu paa: acheni kuongeza. Kila sentimita 10 za udongo ni takriban kilo 170 kwa mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 5 kinabebeshwa tani 3.4 kwa tabaka hilo moja, na mmeongeza kwa miaka. Toboa kwa chuma upime unene uliopo. Mkitaka kutengeneza, kwangueni kwanza wa zamani ulioteleza, kisha rudisheni kiasi kilekile, na mkague ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, kwa kuwa ndipo zinapooza na ndipo mchwa huanzia. Katika nchi ya matetemeko, paa zito juu ya ukuta mlegevu ndilo linaloua.

Povu ndani ya nyumba lingewaibia kitu chenye thamani kubwa. Udongo si kizuizi cha joto, ni ghala lake. Ukuta wa sentimita 40 huchelewesha joto kwa saa kumi hivi, ndiyo maana jua la saa kumi jioni linawafikia usiku wa manane. Kuta za ndani na za pande nyingine ndizo zinazonyonya joto la chumba mchana, na povu lingezifungia nje ya kazi hiyo, likinasa na unyevu pia. Zuieni jua lisiguse ukuta wa magharibi. Na hapa bogenvilia yako inapata kazi: ihamishie mita 2 kutoka ukutani, ipandishe kwenye kichanja cha miti chenye urefu wa kufikia paa, na uimwagilie upande wa nje wa shina, ndani ya bakuli la udongo linalozuia maji yasirudi nyumbani. Kukata mizizi yake kunaisumbua, kwa hiyo hamisha wakati wa baridi ukiwa na donge kubwa la udongo, au panda kipando kipya na uache wa zamani. Kizuia joto, mkikinunua, kikae kwenye paa, juu ya mbao, mkishapunguza udongo.

Kipoza hewa kinataka dirisha la upande wa pili liwe wazi kidogo. Kikifanya kazi ndani ya chumba kilichofungwa kinajaza unyevu tu. Usiku fungua yote, asubuhi jua likichomoza funga.

Dirisha la mita 1.8 hapana. Kwa ukuta wa udongo upana usizidi mita 1.2, na tundu likae walau mita 1.2 kutoka kona. Linta, yaani boriti ya juu ya dirisha, iwe na unene wote wa ukuta na ilale sentimita 50 kila upande. Kama nia ni upepo, tobolea dirisha dogo ukuta wa mashariki, au teremsheni kizingiti cha hili lililopo bila kugusa linta, na lolote kati ya hayo lisubiri ukuta ukauke.

Jambo moja tunalikabidhi kwa mume wako na fundi kwa pamoja. Siku mtakapobandua kipande cha kwanza, chomeni bisibisi kwenye udongo. Ikizama kwa urahisi zaidi ya sentimita 13, yaani theluthi ya ukuta, au mkiona ufa mpya juu ya dirisha, wekeni mwiko chini, msilale chumba hicho, na aitwe mhandisi anayezijua nyumba za udongo kabla ya kipande cha pili.